Chumba Kilichoitwa Kyela

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi niligonga mlango wa chumba namba sita na hakuna aliyeitika. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, na anayeijua Iringa anajua mwezi huo ulivyo: maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa ya vidole, na ukifungua kinywa useme, moshi unatangulia neno. Niligonga tena, nikaita jina. Niligonga mara ya tatu, kisha nikaingiza ufunguo wangu mlangoni.

Naanzia hapo kwa sababu ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya ulezi wa mabweni mna tabia moja inayonitisha. Mnagonga, hamjibiwi, mnaondoka. Mnasema mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ana faragha yake. Ni kweli anayo. Lakini Bi. Sekela, mama wa Tukuyu aliyekuwa matroni kabla yangu na ndiye aliyenifundisha kazi, aliniambia siku yangu ya kwanza: "Gonga mara tatu, halafu fungua. Ukimkuta hajavaa, utamwomba radhi. Ukimkuta amekufa, radhi utamwomba nani?" Nilidhani anapenda tu kutisha watu. Nilikuwa binti wa Kisafwa niliyeishia darasa la saba, nimetoka milimani nyuma ya Mbeya, na kazi ya bweni niliiona kuwa ni kuhesabu magodoro.

Aliyekuwa ndani ya chumba namba sita ni Tusajigwe, ambaye wote tulimwita Tusa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu, mtoto wa mama mmoja anayeuza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mwenzake wa chumba alikuwa amekwenda msibani Makongolosi, kwa hiyo Tusa alilala peke yake. Nilimgongea kwa sababu kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika bombani, na siku hiyo ndoo yake ilikuwa bado tupu nje ya mlango.

Alikuwa amelala chali, mablanketi mawili yamefika shingoni, daftari limefunguka kifuani. Hakuwa na povu mdomoni, hakutapika, hakujikunja kama mtu mwenye maumivu. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtoto aliyeshiba, na hilo ndilo lililonishtua kuliko chochote. Mtu aliyelala hivyo ukimwita anaamka. Nilimwita. Nilimtikisa bega. Nilimpiga kofi shavuni. Kichwa kilifuata mkono wangu, kisha kikarudi mahali pake. Alikuwa anapumua, lakini pumzi ilikuwa inakuja kama mtu anayekumbuka kupumua.

Nilimburuta. Sina neno zuri zaidi la kutumia. Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka barazani huku napiga kelele, na wasichana wakatoka vyumbani na makanga na masweta.

"Matroni, ana nini?"

"Sijui! Shika miguu!"

"Mbona mzito hivi?"

"Shika miguu, utamsema baadaye!"

Tulimlaza nje kwenye nyasi zenye umande, mmoja akakimbilia getini kuita bajaji. Nataka mlishike hili vizuri: mtu aliyezimia chumbani mtoe kwanza nje kwenye hewa, maswali yaje baadaye. Mimi sikulifanya kwa kujua. Nilimtoa nje kwa sababu bajaji isingeweza kuingia ndani ya bweni. Mpaka leo nakumbuka kwamba kilichomwokoa ni ufinyu wa mlango.

Sasa lazima niwaeleze bweni lenyewe, maana bila kulijua hamtaelewa yaliyofuata.

Bweni Kongwe ni la zamani kuliko chuo chenye bweni hilo. Lilijengwa na mlowezi aliyelima tumbaku. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, nene kiasi kwamba msichana mwembamba anaweza kujilaza kwenye ukingo wa dirisha na kusoma. Kwenye ukumbi wa katikati bado ipo milingoti ambayo majani ya tumbaku yalitundikwa, na wanafunzi wa miaka yote wameitumia kuanikia nguo wakati wa masika. Mlowezi alipoondoka, wakulima wa ushirika waliligeuza ghala la mahindi. Baadaye likawa kituo cha mafunzo ya kilimo, ndipo likagawanywa vyumba na kumwagwa sakafu ya saruji. Chuo kilipofika kiliongeza vyoo, stoo ya vyakula, na jiko la kantini upande wa mashariki, mahali palipokuwa na shimo kubwa la matofali ambalo hakuna aliyejua lilikuwa la nini. Waliona shimo limekwisha kuchimbwa na kujengewa, wakajenga jiko juu yake.

Kila aliyelipokea jengo lile aliongeza kitu, na hakuna aliyeondoa kitu.

Nilipenda sana kujua habari hizo. Nilijifunza kusoma ramani za majengo kwa kitabu cha ufundi nilichonunua kwa muuza mitumba, kimekosa kurasa za mwanzo na za mwisho, na nikaomba kuonyeshwa ramani ya Bweni Kongwe. Niliyoonyeshwa ilianzia siku chuo kilipoingia. Yaliyokuwa chini ya sakafu hayakuwemo. Nilijua palikuwa pa tumbaku, lakini tumbaku hukaushwaje sikujua. Kwetu milimani tunalima viazi na pareto.

Chumba namba sita kilikuwa na sifa moja iliyokifanya kigombewe kuliko vyote: kilikuwa na joto. Vyumba vya upande wa kaskazini vilikuwa baridi mpaka wanafunzi wakaviita Kitulo. Chumba namba sita, wanafunzi waliotoka Mbeya walikiita Kyela, kwa sababu ya joto la kule chini ziwani, na jina likashika hata kwa wasiowahi kufika Kyela. Anayemaliza mwaka wa tatu alimrithisha kitanda ndugu yake, au mtu wa kwao, au rafiki aliyemsaidia kwenye mitihani. Ukiingia Julai unakuta soksi zimepangwa chini ya kitanda cha pembeni kama samaki wa kukausha. Asubuhi zimekauka. Soksi za Kitulo zilichukua siku tatu na bado zilinuka.

"Joto linatoka wapi?" niliwahi kumuuliza Bi. Sekela.

"Kwa Mungu," alisema. "Na jikoni ni karibu."

Jikoni hakukuwa karibu hivyo. Kati ya jiko na chumba hicho kuna stoo nzima ya magunia ya unga na maharage. Lakini mtu akipewa joto la bure mwezi wa saba pale Iringa, haulizi mara mbili.

Waliolala Kyela walikuwa na sifa ya pili, nayo ilikuwa kichekesho cha bweni. Walikuwa walalaji. Walichelewa vipindi vya asubuhi, wakatoka wameshika vichwa, na wenzao wakawaimbia barazani: "Basi la Kyela limechelewa tena!" Walikuja kwangu na kwa Bi. Sekela kuomba Panadol, na kufika mchana kichwa kimepona. Wote tulisema ni kusoma sana. Mwalimu mmoja alisema ni kutokusoma.

Kuna siku nataka muijue, ingawa ni ya zamani kidogo na inachekesha. Msichana mmoja wa kutoka vijiji vya Kilolo alirudi likizo na ulanzi, ile pombe ya mianzi, bado mpya na mtamu, akautia kwenye chupa ya soda na kukaza kizibo kwa nguvu zake zote. Mtu wa Iringa hafanyi kosa hilo kwao. Kwao chupa ya ulanzi inaachiwa nafasi ya kupumua. Lakini bwenini aliogopa harufu isimfichue. Akaificha chini ya kitanda cha Kyela, palepale kwenye joto. Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, ulisikika mlipuko mmoja ambao ulitoa bweni zima nje. Wengine walilala chini. Mlinzi alikimbilia upande wa pili, na hatukumwona mpaka jioni.

Bi. Sekela hakukimbia. Aliingia uvunguni na tochi, akasema "Kamwene!" kwa sauti ya kumsalimu mgeni, akatoka na vipande vya chupa na uso uliojaa povu tamu. "Ni ulanzi tu," alisema. "Na hapa chini pana joto kama jikoni kwangu." Akafuta ubao uliokuwa umegongomelewa ukutani pale chini, ubao mwembamba uliopakwa rangi ile ile ya ukuta, akaondoka. Alikuwa ameugusa kwa mkono wake. Tulicheka wiki nzima. Sasa nikikumbuka sicheki tena.

Mwaka alioingia Tusa, bweni lilikuwa limefanyiwa ukarabati. Yale madirisha ya zamani, ya vipande vya vioo vilivyokuwa havifungi vizuri na vingine vimevunjika na kuzibwa kwa maboksi, yaliondolewa yote. Tuliwekewa ya aluminiamu yenye vioo vya kuteleza. Mwanafunzi akifunga dirisha, upepo unabaki nje kabisa. Wasichana walishangilia, na mimi nilishangilia nao.

Turudi kwenye ile Jumanne. Hospitali walimpokea haraka, wakamwekea hewa ya mtungi, na daktari kijana akaniuliza maswali mengi: alikula nini, ana ugonjwa gani, alikuwa na huzuni yoyote? Nilijibu nilichojua. Mwisho alisema, "Mama, hii inafanana na sumu. Lakini ni sumu gani, bado sijui."

Alisema hivyo kwa uaminifu. Lakini wasichana wawili niliofuatana nao walilisikia neno moja tu. Nilipofika chuoni, habari ilikuwa imekwisha fika kwenye magrupu ya simu: Tusa wa Kyela amekunywa sumu kwa ajili ya mvulana. Mvulana alikuwa na jina. Kufika jioni alikuwa na majina mawili. Askari alikuja kuchukua maelezo yangu, maana kujaribu kujiua ni kosa la jinai, akaandika taratibu na kwa heshima. Nilisaini. Moyoni nilikuwa najiuliza kitu kimoja: je, ni kweli? Nilimjua mtoto yule kwa ndoo yake na salamu yake, basi.

Mama yake alifika alasiri kwa basi la Mbeya. Nilitarajia mtu wa kulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya sokoni, amevaa koti la kiume juu ya vitenge viwili, na mikono yake ilikuwa bado na vumbi jeupe la mchele. Alikaa hospitalini usiku wote. Asubuhi alikuja bwenini kuchukua nguo za mwanawe.

"Wewe ndiye matroni?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Ndaga, asante. Wewe ndiye uliyemtoa nje?"

"Ndiye mimi."

"Basi nionyeshe alipolala."

Nilimfungulia chumba namba sita. Alikaa kwenye kitanda cha Tusa, akaanza kukunja nguo moja moja, taratibu, kama mtu anayepanga bidhaa. Hakuwa amelala. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na sauti ya mwanamke ikazungumza kutoka chini ya kitanda.

"Yule mtoto wa Mbeya mwenyewe kajitakia. Mtu unasomeshwa kwa shida, halafu unakunywa sumu kwa mwanaume!"

Sauti nyingine ikajibu, "Tena mwanaume mwenyewe wa mwaka wa tatu, ana mchumba Njombe."

Mama Tusa alisimama. Mimi nilishika mwimo wa mlango. Sauti zilikuwa wazi kabisa, kama za watu walioketi uvunguni wanachambua mboga, na kikaongezeka kicheko, na mlio wa mwiko kugonga ukingo wa sufuria. Nimefanya kazi katika jengo lile miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu, na sikuwa nimewahi kusikia ukuta ukisema; saa hizo za asubuhi chumba kile huwa kitupu, wenyewe wako vipindini.

"Nani huyo?" Mama Tusa aliniuliza.

"Ni Mama Faraja," nilisema. Nilimtambua kwa kicheko. "Mpishi mkuu. Lakini yuko jikoni. Jikoni ni kule, nyuma ya stoo."

Hakusubiri. Alitoka na sketi ya mwanawe mkononi, nikamfuata mbio. Mama Faraja alikuwa ameinama mbele ya jiko, amesukumiza kichwa karibu na mdomo wa jiko hilo akichochea makaa. Ni mwanamke wa Kibena, mpole, aliyekuwa akiwagawia wanafunzi wasio na fedha ukoko wa wali bila kuambiwa na mtu.

"Mwanangu hana mwanaume!" Mama Tusa alimwambia, mbele ya wasaidizi wote. "Na kama anaye, hiyo ni hesabu yangu mimi na yeye. Nani kakwambia kanywa sumu? Ulimshikia kikombe?"

Mama Faraja aliacha mwiko uanguke. "Mama, samahani, mimi sikusema..."

"Umesema! Umesema yule mtoto kajitakia. Na huyu mwenzako kasema mchumba yuko Njombe."

"Jamani!" Mpishi alinitazama mimi. "Matroni, kasikiaje? Mlango umefungwa, na hapa pana kelele za sufuria. Kasikiaje?"

Hapo ndipo hasira ya Mama Tusa ilipokoma ghafla. Hakulainika. Alikuwa amefikiri kitu. Aliinama, akatazama mdomo wa jiko, akatazama makaa, kisha akanigeukia.

"Mimi nauza mchele," alisema polepole. "Nikisikia kitu kinakwaruza stoo, sisemi ni malaika. Nahamisha magunia yote mpaka nimwone panya amepitia wapi. Dada, sauti ya huyu mama imefika kwenye kitanda cha mwanangu. Imepitia wapi?"

Alinyoosha kidole mlangoni.

"Rudi chumbani," akaniambia. "Na wewe mpishi, imba."

"Niimbe nini?"

"Unachoimba kanisani. Si unajua kutumia mdomo?"

Nilirudi chumba namba sita, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa uvunguni. Mama Faraja aliimba pambio, na pambio lilitoka nyuma ya ule ubao mwembamba, karibu na pua yangu. Niliung'oa kwa mikono. Misumari ilikuwa imeoza. Nyuma yake palikuwa na tundu la matofali, jeusi kwa masizi ya zamani, pana kiasi cha kuingiza ndoo. Nilitia mkono. Hewa ya vuguvugu iliupita mkono wangu, taratibu, ikija kwangu.

Fundi wa chuo alikuja, akachimba kipande cha sakafu, na tukaona tulichokuwa tukitembea juu yake kwa miaka yote: mfereji wa matofali uliotoka kwenye lile shimo chini ya jiko, ukapita chini ya stoo, ukaishia chumba namba sita. Tumbaku ilikaushwa hivyo. Moto uliwashwa nje kwenye tanuru, na joto likaingizwa ndani kwa njia ya chini ya sakafu. Chumba namba sita ndipo lilipoanza kutokea. Waliomwaga saruji waliziba sehemu nyingine zote, na pale walipofika kwenye tundu la mwisho waligongomelea ubao. Labda saruji iliwaishia. Labda ilikuwa Ijumaa.

Lakini moshi wa jiko ulitoka kwenye dohani, ile njia ya juu ya kutolea moshi. Tuliuona kila siku. Kwa nini uje chini?

"Unafanya nini na moto ukiondoka jioni?" fundi alimuuliza Mama Faraja.

"Naufukia," alisema. "Kama watu wote. Nafukia makaa kwa majivu, naweka sufuria ya maharage juu yake, nafunika mdomo wa jiko, na ile dohani naizibia kwa bati ili baridi isiingie. Asubuhi nakuta maharage yameiva na moto upo. Mama yangu alifanya hivyo. Bibi yangu alifanya hivyo."

Nawaambia ninyi mliozaliwa nyanda hizi: nani kati yenu hakukulia kwenye nyumba iliyofukia moto? Kwa bibi zetu, moto ulifukiwa katikati ya nyumba ya nyasi, na nyasi zilipumua. Jiko la kantini lilikuwa la matofali na chuma. Mama Faraja akiziba juu, hewa ya makaa ilibakiwa na njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa inaelekea kwenye kitanda. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, na haimkohozi mtu. Inakuja na joto, basi, na mtu anaishukuru. Madirisha ya zamani yaliyojaa nyufa yaliitoa nusu, ikabaki ya kuumiza vichwa. Madirisha mapya, baridi ya mwezi wa sita ilipofika na yakafungwa usiku kucha, hayakuitoa hata kidogo.

Mama Faraja alipoelewa, alikaa chini sakafuni, katikati ya maganda ya vitunguu.

"Yesu wangu. Mimi? Nimemuua mtoto wa mtu kwa maharage?"

"Hajafa," Mama Tusa alisema kwa ukali. Kisha akakaa naye pale chini, na koti lake la kiume, na sketi ya mwanawe bado iko mkononi. "Hajafa, dada. Usikiite kifo. Nyamaza."

Nilikwenda kumweleza daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akasema, "Ndiyo. Ndiyo, ni hiyo," akaenda haraka wodini.

Sasa chukueni haya ya kazi, maana ndiyo hasa niliyotaka kuwapa. Mwanafunzi akiumwa kichwa asubuhi na kupona mchana akiwa mbali na chumba chake, usimpe dawa ukaridhika. Ingia chumbani humo. Wakiumwa wote wa chumba kimoja, wahamishe siku hiyohiyo. Chumba chenye joto kuliko jirani zake kina sababu, na sababu hiyo itafute kwa mikono yako, uvunguni, nyuma ya kabati, nyuma ya kila ubao. Mkarabati akileta dirisha linalofunga vizuri, mwulize hewa itapita wapi. Msiruhusu jiko la mkaa chumbani hata kwa dakika za kupasha chai, na mkumbuke kwamba pale kwetu jiko halikuwamo chumbani kabisa. Na ukikabidhiwa jengo, usiulize limejengwa lini tu. Uliza lilikuwa linafanya kazi gani kabla yako.

Tusa alifumbua macho siku ya tatu. Nilikuwepo. Alimtazama mama yake, akasema, "Mama, umefunga duka?" Mama yake alitoka nje ya wodi, na huko nje ndiko alikolia, kwa sauti ya Mwanjelwa, mpaka muuguzi akaja kumwomba apunguze.

Hakupona mara moja. Kwa wiki kadhaa alisahau maneno, akashika kikombe kama kitu kigeni, akakosea njia ya kwenda chooni. Daktari alimwambia mama yake ukweli: huenda yote yatarudi, huenda mengine hayatarudi. Yalirudi karibu yote. Aliahirisha mwaka, akarudi, akamaliza ualimu. Ila hadi leo, anasema, hakumbuki mwezi ule wa sita, na mimi namwambia hajapoteza kitu.

Jina lake ndilo lililokuwa gumu zaidi. Chuo kilitoa tangazo ubaoni kwamba kulikuwa na hitilafu ya mfumo wa hewa. Hakuna aliyelisoma. Kwenye magrupu ya simu bado alikuwa msichana wa sumu. Mama yake alikwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, mzee mtaratibu mwenye miwani, mimi nikiwa shahidi, akasema hataki tangazo.

"Walimsema kwa mdomo," alisema. "Nataka asafishwe kwa mdomo."

Mshauri aliita baraza la wanafunzi wote uwanjani. Nilitegemea maneno marefu. Alivua miwani, akasema: "Tusajigwe hakunywa kitu. Alisoma, akachoka, akalala chumbani kwake tulikompangia sisi. Chumba ndicho kilichotaka kumuua. Aliyemsema vibaya na amwombe radhi." Kisha Mama Faraja, ambaye hakuwa mwanafunzi wala hakuitwa, alitoka jikoni na aproni yake, akapita katikati ya watu wote, akapiga magoti mbele ya Mama Tusa kama anavyopigiwa mkwe. Baada yake walikuja wasichana, mmoja mmoja.

Chumba namba sita hakilaliwi tena. Mfereji ulijazwa kifusi na saruji, jiko likahamishwa, na wasichana wa siku hizi wanapita pale bila kujua kulikuwa na Kyela. Wanalalamika baridi. Waacheni walalamike.

Wiki ya mwisho, kabla Mama Tusa hajarudi Mbeya, Mshauri alimwita ofisini akieleze chuo hasara aliyoipata, ili ilipwe. Bweni zima lilikuwa limempa ushauri njiani. Mmoja alisema adai milioni kumi, mwingine ishirini, na mlinzi alisema aseme hamsini kisha akubali kushuka. Nilikuwa nimeketi pembeni nikitazama vidole vyake. Alihesabu kama anavyohesabu sokoni, kidole kimoja kimoja: nauli za kwenda na kurudi, shilingi laki moja, hospitali, laki mbili na elfu ishirini, mchele wa Madibira ambao jirani yake wa kibanda aliuuza kwa niaba yake kwa bei ya kutupa ili usiliwe na panya, laki tatu na elfu ishirini. Akakunja mkono.

"Na mtoto?" Mshauri aliuliza. Kalamu yake ilikuwa inangoja. "Mateso ya mtoto, mama?"

"Mtoto yupo," alisema. "Aliyepo sitamhesabia."

"Una hakika?"

"Andika, baba. Laki sita na elfu arobaini."